Umeombwa rushwa? Usilipe kwanza. Namna ya kwenda TAKUKURU na taarifa inayoshikika

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwasababu kila siku nakutana na mtu analalamika TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa) hawafanyi kitu, nilipeleka taarifa wakakaa kimya, na ukimuuliza ulipeleka taarifa gani anakwambia niliwaambia pale ofisi fulani wanakula rushwa sana. Sasa ndugu yangu hiyo sio taarifa, hiyo ni stori ya kijiweni, hata muuza kahawa anaijua, wao watamkamata nani kwa hayo maneno?

Na siwacheki, mimi mwenyewe nilishakuwa huyo mtu. Miaka ya nyuma nilikuwa nafuatilia kibali cha ujenzi kwenye halmashauri moja hivi (siitaji), nikapigwa danadana wiki sita, mwisho jamaa wa pale akanambia "faili lako lipo ila mafaili ni mengi, we ni mtu mzima ujiongeze". Nikajiongeza kweli, laki na nusu keshi, kwenye bahasha, mgahawani, hakuna aliyeona. Baada ya siku nne akaomba laki mbili nyingine, hapo ndio hasira zikapanda nikakimbilia TAKUKURU. Afisa alinisikiliza vizuri kabisa, akauliza: ulimpa lini, wapi, nani aliona, kuna meseji, kuna muamala? Kila swali jibu langu lilikuwa hakuna. Halafu akauliza la mwisho, kwanini hukuja kabla hujatoa? Nikabaki natazama dari.

Kwahiyo mwongozo wote huu umejengwa kwenye hilo swali lake.

Hatua ya 1: hakikisha ulichoombwa ni rushwa kweli

Hakuna mtu anayekuja kukwambia "naomba rushwa". Utaambiwa chai, ya soda, ya maji, nauli ya kijana, ongea vizuri, uzunguke mbuyu, mkono mtupu haulambwi. Hayo yote yanaingia. Wengine wanasema takrima, hiyo nayo ina historia yake, iliwahi kuingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ionekane ni ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Kwahiyo mgombea akikwambia hii ni takrima tu usihangaike, mwambie takrima ilishakufa zamani.

Kipimo changu cha haraka kwa ofisi za serikali ni kontrol namba. Malipo halali ya serikali siku hizi yana kontrol namba, unalipa benki au kwa simu na unapata risiti. Mtu akikwambia nitumie kwenye namba hii ya kwangu halafu mimi ndio nitakulipia, simama hapohapo.

Kitu ambacho wengi hawakijui: kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa namba 11 ya 2007, kifungu cha 15, KUOMBA peke yake tayari ni kosa. Sio mpaka hela ipite mkononi. Kushawishi, kuomba, kupokea, kutoa, kuahidi kutoa, vyote vimo. Adhabu kama ilivyoandikwa kwenye sheria ni faini kuanzia laki 5 mpaka milioni 1, au jela kuanzia miaka 3 mpaka 5, au vyote viwili. Ukisoma vizuri utaona mtoaji naye yumo, na ndio maana mtu aliyelipa akaja kulalamika baadae anakuwa kwenye hali mbaya, anashtaki huku miguu yake mwenyewe iko kwenye matope.

Alafu rushwa sio bahasha tu. Kuna rushwa ya ngono kifungu cha 25, yaani mwenye mamlaka anataka mwili wako ndio akupe kazi, maksi au huduma. Kuna matumizi mabaya ya madaraka kifungu cha 31, kuna ubadhirifu na ufujaji kifungu cha 28, kuna kumiliki mali usizoweza kuzielezea kifungu cha 27, kuna nyaraka za uongo za kumdanganya mwajiri (zile safari hewa na risiti za kutengeneza) kifungu cha 22. Zote hizo ni za TAKUKURU.

Ambacho sio chao: afisa kukujibu vibaya, faili kuchelewa tu bila mtu kudai kitu, nesi kununa. Hayo peleka dawati la malalamiko la taasisi husika au ingiza kwenye mfumo wa e-Mrejesho. Kiongozi wa umma ambaye hajatangaza mali zake au ana mgongano wa maslahi, ipo Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mzabuni anayeona taratibu za zabuni zimepindishwa aanze na mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, ila kama kuna mtu alidai asilimia kumi, hapo ni TAKUKURU moja kwa moja.

Hatua ya 2: usilipe, usigombane, omba muda

Hii ndio hatua ngumu kwasababu pale ulipo unakuwa na hasira au una shida kweli, mgonjwa yuko kitandani au mzigo unalala bandarini na gharama zinapanda. Lakini ukimfokea jamaa pale kaunta umeshamshtua, kesho atakuwa malaika. Jibu ni la kawaida tu: "sawa mkuu, sina hapa, ngoja nihangaike nikucheki kesho". Basi, ondoka.

Na tafadhali, wewe usiwe wa kwanza kutaja hela. Kuna watu wanajifanya wajanja wanamchokoza afisa, "mzee tukupe ngapi lituishe", halafu wanarekodi. Hapo umemshawishi wewe, na kesi ikifika mahakamani wakili wake ataanzia hapohapo. Muache aseme yeye, ataje kiasi yeye, ataje na sababu yeye.

Hatua ya 3: andika siku hiyohiyo

Kumbukumbu inasahau haraka kuliko unavyofikiri. Ukitoka tu pale kaa chini, hata kwenye daladala, andika kwenye simu: jina lake au cheo chake (kama hujui jina andika meza ipi, chumba kipi, amevaaje), tarehe na saa, huduma uliyokuwa unafuata, kiasi alichotaja, MANENO yake kama alivyoyasema usiyapambe, na nani mwingine alikuwepo. Weka na namba ya faili lako, risiti ya malipo halali uliyofanya, barua, vyote.

Kama alikutumia meseji au sauti ya WhatsApp usifute, usihariri, usikate kipande. Picha ya skrini inasaidia kuonyesha ila simu yenyewe ndio ushahidi, wataitaka, kwahiyo usiiuze wala kuifomati hata kama betri imechoka. Ukishatuma hela kwa simu (najua nimesema usilipe, ila kuna watu mmeshalipa) ule ujumbe wa muamala wenye jina la mpokeaji ni dhahabu. Ndio maana wala rushwa siku hizi wanataka keshi au wanatumia namba ya shemeji, na hata hiyo namba ya shemeji iandike, uchunguzi unaweza kuanzia hapo.

Hatua ya 4: peleka mahali sahihi

Kwa Tanzania Bara namba ni 113, bure. Au nenda ofisini mwenyewe, wapo kila mkoa na karibu kila wilaya, makao makuu Dodoma. Ushauri wangu kama suala ni la moto, yaani jamaa anasubiri hela kesho, usiandike barua, nenda kwa miguu yako leo hii.

Zanzibar sio TAKUKURU, kule ni ZAECA, taasisi nyingine na sheria nyingine kabisa, watu wanakosea sana hapa. Na ndugu zetu wa Kenya mna EACC, namba ya bure 1551, mantiki ya huu mwongozo ni ileile ila vifungu vyenu ni vingine.

Swali la kila mtu: nitaje jina langu au nisitaje? Unaweza kutoa taarifa bila jina na wanaipokea. Lakini tuwe wakweli, taarifa isiyo na mwenyewe wakikwama hawana wa kumuuliza. Mfano umeandika "mhasibu anakula hela za posho" bila jina, wataanzia wapi, posho za mwezi gani, za nani? Kama huwezi kutaja jina basi fidia kwa undani: namba za hati za malipo, tarehe, majina ya waliosainishwa. Na kwa kuombwa rushwa uso kwa uso bila jina lako haiendi popote, kwasababu wewe ndio shahidi namba moja.

Kama unaishi mji mdogo ambao kila mtu anamjua kila mtu na unahisi afisa wa wilaya anakunywa soda meza moja na huyo unayemlalamikia, nenda ofisi ya mkoa, hulazimiki kuanzia wilayani.

Hatua ya 5: mtego unavyokwenda

Hapa ndio penye utamu. Binamu yangu alinisikiliza, yeye aliombwa hela sehemu nyingine kabisa, hakulipa, akaenda asubuhi yake. Nitaeleza kwa ujumla tu.

Kwanza wanachukua maelezo yako kwa maandishi, unasoma, unasaini. Soma kweli, usisaini kwa heshima ya afisa, kama kuna sentensi hukuisema mwambie aisahihishe, maana miezi mingi baadae wakili atakusomea hiyo karatasi mstari kwa mstari. Pili wanajiridhisha kwamba ombi lipo kweli, mara nyingi utaambiwa umpigie jamaa mbele yao na usikie anasemaje. Tatu, hela ya mtego. Hela inaandaliwa chini ya usimamizi wao, namba za noti zinaandikwa, fomu inasainiwa, na wewe unaenda na zile noti zilezile. Usichanganye na hela yako ya nauli! Weka mfuko wa peke yake.

Nne, unakutana nae kama mlivyopanga. Usilazimishe mahali mnapokutania, usiongee sana, ukimpa hela mpe mkononi sio kuitupa mezani, maana akisema "aliiacha mezani sikuiona" mnaanza kubishana. Halafu unatoa ishara mliyokubaliana. Wakishaingia wewe kaa pembeni. Watahesabu, watalinganisha namba na zile zilizoandikwa mbele ya shahidi huru (mara nyingi ni mtu wa hapohapo, mjumbe, mhudumu, mteja), watajaza hati ya ukamataji mali na kila mtu anasaini. Ule ulinganifu wa namba ndio msumari, yaani jamaa atasema nilimkopesha, atasema ni mchango wa harusi, lakini noti zinazungumza.

Binamu yangu anasema dakika zile ishirini jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi, na cha ajabu alianza kumuonea huruma yule baba. Hiyo nayo utaisikia, jiandae.

Hatua ya 6: funga mdomo

Usiweke kwenye grupu la familia, wala kwenye stetasi, wala usimwambie mshikaji wako wa palepale ofisini. Kumvujishia mtu kwamba anachunguzwa ni kosa kwa sheria hiyohiyo, achilia mbali kwamba unaharibu kazi yako mwenyewe.

Kuhusu usalama wako ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, akifukuzwa kazi au kunyanyaswa kwasababu ya taarifa hiyo ana pa kusimamia. Naisema sheria kama ilivyo, ila na mimi ni mtu wa mtaani, najua ulinzi wa karatasi na ulinzi wa mlangoni kwako ni vitu viwili, kwahiyo ukiona unatishiwa rudi siku hiyohiyo kwa afisa anayeshughulikia jalada lako na uandikishe tishio kama lilivyo, usikae nalo. Na kinyume chake pia, ukimsingizia mtu kwasababu mnagombea mpaka wa shamba, hakuna sheria ya kukulinda hapo.

Kama sio wewe uliyeombwa, ni mradi wa kijiji

Hapa kwa maoni yangu ndipo hela nyingi inapopotea na ndipo raia ana nguvu kuliko anavyodhani. Chukua madarasa ya shule yanayojengwa kwa fosi akaunti, yaani shule inasimamia ujenzi yenyewe na mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi. Fedha inaingia akaunti ya shule, kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na wajumbe wanatoka kwenye jamii hapohapo. Mnaona nondo nyembamba, saruji inashushwa usiku, na mjumbe wa mapokezi amesaini mifuko 200 huku yeye mwenyewe anakwambia iliyokuja ni 140.

Usikimbilie kupiga 113 na kusema mwalimu mkuu mwizi. Anza na karatasi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi 3 na mapato na matumizi yanasomwa, simama uulize: mradi umeletewa shilingi ngapi, umetumia ngapi, kilichobaki kiko wapi. Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Wakikataa kusoma, na hilo liandikwe, kukataa kwenyewe ni taarifa. Piga picha jengo kila wiki pembe ileile, orodhesha gari lililoleta mzigo na tarehe, ongea na fundi alilipwa ngapi na amesainishwa ngapi. Ukiwa na fedha iliyoingia, mzigo ulioandikwa na mzigo ulioonekana, umewapa TAKUKURU hesabu ya kuhakiki, sio lawama ya kusikiliza.

Na hawa jamaa sio wa kukamata tu. Wanafanya ufuatiliaji wa miradi wakati bado inajengwa, na wana programu ya TAKUKURU Rafiki inayoshuka mpaka kwenye kata, wananchi wanataja kero za huduma kabla hazijawa kesi. Wakija kwenye kata yako nenda, usiwaachie viti wazee wa chama na watoto wa shule. Ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) nazo zisomwe, zinafika bungeni mwezi wa 4 kila mwaka, tafuta halmashauri yako humo, ukikuta hoja inayofanana na unachokiona kwa macho taarifa yako inapata uzito mara mbili.

Baada ya hapo: subiri, lakini usilale

Hapa ndio watu wengi wanakata tamaa kwasababu hawajui njia ilivyo. Taarifa inasajiliwa, inachambuliwa, inaweza kufunguliwa uchunguzi au ikahamishiwa taasisi nyingine. Uchunguzi ukikamilika, kesi ya kifungu cha 15 (hii ya kuomba na kupokea) inaweza kwenda mahakamani bila kibali, ila makosa mengine mengi ya sheria hii yanahitaji kibali cha maandishi cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka). Ndio maana kesi ya polisi au karani aliyeomba elfu hamsini unaiona mahakamani mapema, na ya bosi aliyetumia vibaya madaraka inakaa. Watu wanasema wanakamata dagaa wanaacha papa, na mimi sibishi sana, mkurugenzi mkuu wao anateuliwa na Rais na taasisi iko chini ya ofisi ya Rais, mtu ana haki ya kuuliza maswali hapo. Ila sehemu ya sababu ni hii njia yenyewe: dagaa unamkamata na noti mkononi, papa unamkamata kwa makaratasi.

Kesi ya mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona ni mfano mzuri. Walifikishwa mahakamani Novemba 2008 kwa kutumia vibaya madaraka, msamaha wa kodi kwa kampuni ya kukagua dhahabu, hasara iliyotajwa bilioni 11.7. Hukumu ikaja Julai 2015, miaka 3 jela, ikapunguzwa kwenye rufaa ikawa 2, na 2016 wakamalizia kwa adhabu ya kufanya usafi. Karibu miaka 7 kufika kwenye hukumu tu. Baadae 2016 ikaanzishwa divisheni ya Mahakama Kuu kwa makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, ile watu wanayoiita mahakama ya mafisadi, kwa kesi kubwa za kuanzia bilioni 1.

Kwahiyo ukishatoa taarifa omba namba ya kumbukumbu na jina la afisa. Rudi baada ya mwezi, uliza kwa adabu limefikia wapi, hawatakwambia undani lakini watakwambia lipo hatua gani. Kimya kikizidi andika barua kwa mkuu wa TAKUKURU wa mkoa ukitaja ile namba, ikishindikana makao makuu, nakala baki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiitwa mahakamani NENDA, hata kama ni mara ya nne na kesi imeahirishwa zote tatu, shahidi asipotokea mara kadhaa kesi inafutwa na jamaa anarudi kwenye meza yake ileile anakusubiri.

Binamu yangu aliitwa mara tano. Mara ya tano ndio akatoa ushahidi, akaulizwa na wakili kama ana ugomvi na mshtakiwa, akajibu hapana, akaulizwa hela alipewa na nani, akajibu, akaonyeshwa zile noti zikiwa kwenye bahasha akazitambua kwa fomu aliyosaini. Robo saa hivi, akatoka akaenda kula.